Mgonjwa wa saratani "anakubali" nini hasa? Kutoka Ocean Road hadi Newala na Masasi

"Mrudisheni nyumbani, mkamuuguze." Ukikaa na familia za Newala au Masasi zilizowahi kumpeleka mtu wao Dar es Salaam kwa ajili ya saratani, sentensi hii utaisikia, kwa maneno haya au yanayofanana nayo. Ni fupi, ina adabu, na inasikika kwa namna mbili tofauti kabisa. Anayeitamka mara nyingi anamaanisha kuwa kutibu kansa kumefika mwisho lakini kumhudumia mgonjwa kunaendelea. Familia inasikia: tumeshindwa, nendeni mkasubiri.

Kiswahili, bahati nzuri, kina maneno mawili hapa. Kutibu ni kuuondoa ugonjwa. Kuuguza ni kukaa na mgonjwa na kumtunza, apone asipone. Neno "muuguzi" limetoka hapohapo. Huduma ambayo serikalini inaitwa tiba shufaa, na ambayo nchi nyingine hutolewa na hospisi, kimsingi ni kuuguza kulikopewa dawa, vipimo na wataalamu. Neno "shufaa" lenyewe lina mtego kidogo: kwa Mwislamu aliyezoea mawaidha, shufaa ni uombezi wa siku ya Kiyama, kwa hiyo ukimwambia bibi wa Kitangari kuwa anaandikiwa shufaa, usishangae akianza kuaga watu.

Swali letu leo ni hili: mtu ambaye kansa yake haiponi tena hufikaje mahali pa kuikubali huduma hiyo? Jibu lililozoeleka ni kwamba kwanza anakubali kuwa atakufa, kisha ndipo anakubali huduma. Ushahidi uliopo, hasa wa Afrika Mashariki, unaonyesha mambo mara nyingi huenda kinyume. Huduma inatangulia. Kukubali, kama kunakuja, kunakuja baadaye, na mara nyingi kinachokubaliwa si kifo.

Tanzania na safari ya kilomita 600

Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani yanaonyesha kuwa Tanzania hupata wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 kwa mwaka. Kwa wanawake inaongoza saratani ya mlango wa kizazi. Wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, yaani umeshatoka ulipoanzia. Kwa hiyo tiba shufaa kwetu si huduma ya wachache wa mwisho wa foleni. Kwa wengi ingetakiwa kuanza siku ileile ya majibu.

Sasa weka hilo kwenye ramani. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, pale ambapo ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Masasi iko chini yake upande wa magharibi, katikati ya vilima vya mawe. Huku kuna hospitali za siku nyingi: Ndanda ya Wabenediktini, Mkomaindo pale Masasi mjini, hospitali ya wilaya Newala. Lakini tiba ya mionzi, kwa miaka mingi, kwa mtu wa Kusini imekuwa na jina moja tu: Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kutoka Newala ni zaidi ya kilomita 600.

Nauli, chumba cha kupanga, chakula cha mgonjwa na cha anayemsindikiza, vyote vinatoka kwenye korosho. Na korosho ina msimu. Kansa ikigundulika mwezi wa kumi na moja, familia ina pesa. Ikigundulika mwezi wa nne, kuna kangomba: unauza korosho ambazo bado hazijaanguka kutoka mtini, kwa bei ya kutupa, ili upate fedha leo. Mgonjwa anajua hesabu hiyo. Anaposema "mimi nimechoka, nirudisheni", daktari anaweza kuandika kwamba amekubali hali yake, kumbe mama wa watu anaokoa shamba. Na anapokataa kurudi, inawezekana hajakataa ukweli. Anaona aibu kurudi mtupu baada ya mikorosho ya watu kuuzwa kwa ajili yake. Tusikimbilie saikolojia kabla ya kuuliza bei.

Zile hatua tano

Wengi tumezisoma shuleni au kuziona mtandaoni. Elisabeth Kübler-Ross, daktari wa akili aliyefanya kazi Chicago, alichapisha mwaka 1969 kitabu kilichotokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa. Humo alieleza mambo matano: kukataa, hasira, kupatana bei na Mungu au hatima, huzuni, na mwisho kukubali. Mchango wake ulikuwa mkubwa, kwa sababu kabla ya hapo madaktari wengi hawakuzungumza na mgonjwa wa aina hiyo kabisa.

Tatizo ni jinsi tulivyozigeuza kuwa ngazi, kwamba mtu anapanda moja baada ya nyingine hadi kileleni. Tafiti zilizofuata hazikupata ngazi hiyo. Watu huruka, hurudi nyuma, huwa na mbili kwa wakati mmoja. Watafiti wa Toronto, Gary Rodin na Camilla Zimmermann, wameeleza kitu ambacho tunaweza kukiita ufahamu wa pande mbili: mtu anajua kabisa kwamba anakufa na wakati huohuo anaishi kama mwenye kesho. Asubuhi anamwonyesha mwanawe mahali pa kaburi. Jioni anaulizia miche ya mikorosho, ambayo itahitaji kama miaka mitatu kabla ya kuzaa. Ukimwona hivyo usimsahihishe, kwa sababu hajachanganyikiwa.

Kilichopatikana Meru

Utafiti ambao kila anayejadili jambo hili Afrika Mashariki angepaswa kuujua ulichapishwa mwaka 2003 katika jarida la BMJ na Scott Murray na wenzake. Walizungumza na wagonjwa 20 wa saratani ya mapafu huko Scotland, na wagonjwa 24 wa saratani mbalimbali vijijini Meru, Kenya, pamoja na waliokuwa wanawauguza.

Ungetegemea watu wa Scotland, wenye dawa, vitanda na wauguzi wa bure, wawe ndio waliotulia. Haikuwa hivyo. Maumivu yao ya mwili yalikuwa yamedhibitiwa kwa kiasi kikubwa. Kilichowasumbua ni kifo chenyewe, upweke, na maswali ya maana ya maisha. Meru ilikuwa kinyume. Ndugu, majirani na watu wa kanisani walikuwepo, Mungu alikuwepo, na wengi walizungumza kuhusu kufa kwao bila kuzungukazunguka. Kilichowatesa ni maumivu yasiyo na dawa, na pesa.

Soma tena hapo. Kukubali hakukuwa kitu kilichokosekana Meru. Dawa ya maumivu ndiyo iliyokosekana.

Sitaki kusema Newala ni Meru. Lakini mpangilio wa maisha unafanana vya kutosha kutufanya tuuache ule msemo wa "watu wetu hawakubali kwa sababu hawaelewi". Na kama bado unaona tatizo ni elimu, angalia Marekani: utafiti wa wagonjwa 1,193 wenye saratani iliyosambaa ya mapafu au ya utumbo mpana, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta kuwa asilimia 69 ya wale wa mapafu na asilimia 81 ya wale wa utumbo hawakuonyesha kuelewa kwamba dawa za kemikali walizokuwa wakipewa hazikuwa na uwezekano wa kuwaponya. Hao wana intaneti na bima.

Maumivu, chupa na saa

Tuchukue mama wa kufikirika, miaka 58, saratani ya mlango wa kizazi hatua ya nne. Uvimbe unakua ndani ya nyonga, mahali pembamba palipojaa neva ziendazo miguuni. Ukizibana, maumivu hayakai tumboni tu. Yanashuka mguuni kama moto, usiku zaidi, kwa sababu usiku hakuna kinachokushughulisha. Halali, na watoto wake hawalali. Baada ya wiki mbili za hivyo, ukimuuliza kama amekubali hali yake unamwonea. Ubongo unaoteswa hauna nafasi ya kuwaza jambo lingine.

Ngazi ya dawa za maumivu ya Shirika la Afya Duniani, ya tangu mwaka 1986, huanza na panado na jamii yake, hupita kwenye dawa za kati kama kodeini, na hufika kwenye mofini. Mofini hufanya kazi kwa kukaa kwenye vipokezi vilevile vya uti wa mgongo na ubongo ambavyo mwili huvitumia kwa dawa yake wa ndani, endofini. Ishara ya maumivu inatoka nyonga kama kawaida, ila inapunguzwa nguvu njiani. Uvimbe upo palepale. Mateso ndiyo yanayopungua.

Mofini ya nyumbani si sindano. Ni unga unaochanganywa na maji kuwa dawa ya kunywa, na ni ya bei nafuu. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, ndiyo iliyoonyesha kuwa dawa hii inaweza kufika kijijini. Mwaka 2004 Uganda ikaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa waiandike. Hapa kwetu Ocean Road imekuwa chimbuko kuu la mofini ya maji kwa hospitali nyingine, na huduma za majumbani zilianza kujengeka mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, Selian kule Arusha na Muheza kule Tanga zikiwa miongoni mwa za mwanzo.

Siri yake ni saa. Mofini ya maji hukaa mwilini kama saa nne, kwa hiyo hunywewa kila baada ya saa nne, maumivu yawepo yasiwepo. Kwa kawaida ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku dozi mara mbili ili mgonjwa alale hadi asubuhi. Kiasi anakipanga mtaalamu na hupandishwa taratibu. Siku mbili tatu za kwanza mgonjwa husinzia na huenda akapata kichefuchefu, kisha hayo hupungua. Kufunga choo hakupungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo hutolewa pamoja nayo tangu siku ya kwanza.

Na vipi kuhusu ile hofu kwamba "ukipewa mofini ujue umekwisha"? Ina chanzo chake: kama dawa hutolewa siku tatu za mwisho tu, basi kila aliyeipata alikufa, na kijiji kizima kiliona. Lakini ikitumiwa kwa kipimo sahihi dhidi ya maumivu ya saratani haiharakishi kifo, wala haimgeuzi mtu kuwa teja. Kinachohitajika ni jirani mmoja wa kuonwa akinywa dawa hiyo na bado anakwenda shambani.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalisemi, nalo ni harufu. Kidonda cha saratani ya titi au ya mlango wa kizazi hunuka, kwa sababu bakteria wasiohitaji hewa hustawi kwenye nyama iliyokufa. Mgonjwa anajua. Anajitenga chumba cha uani, wageni wanapunguza kukaa, wajukuu wanazuiwa. Dawa yake ni metronidazo, vidonge vya kawaida kabisa, vikisagwa na kunyunyiziwa kwenye kidonda kwa maelekezo ya muuguzi. Siku chache baadaye harufu hupungua na watu wanarudi kukaa karibu. Mimi naamini vidonge hivyo vimeleta kukubali kwingi kuliko ushauri nasaha mwingi.

Hata mionzi ina nafasi. Kwa maumivu ya kansa iliyoingia mfupani, majaribio mengi yameonyesha kuwa mionzi ya mara moja tu hutuliza karibu sawa na ile ya siku nyingi, ingawa wanaopata ya mara moja huhitaji kurudia mara nyingi zaidi. Kwa mtu wa Dar hiyo ni habari ya kitaalamu. Kwa mtu wa Newala ni tofauti kati ya kukaa mjini usiku mmoja na kukaa wiki mbili kwa pesa ya kangomba.

Anayeambiwa ni nani?

Vitabu vya udaktari vinamweka mgonjwa peke yake mbele ya daktari: anaambiwa, anaelewa, anaamua. Miongoni mwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo umefuata upande wa mama, na mjomba ana kauli nzito katika mambo makubwa ya mtu. Mara nyingi anayeambiwa kwanza ni kaka wa mgonjwa au mtoto mkubwa, nje ya mlango, kwa sauti ya chini. Kisha familia inaamua kumficha mgonjwa "asije akakata tamaa". Mgonjwa naye kashajua, maana mwili ni wake, ila anawaficha wao wasiumie. Basi nyumba nzima inaigiza.

Utafiti wa Lucy Selman na wenzake huko Afrika Kusini na Uganda, uliochapishwa BMJ mwaka 2009, ulikuta wagonjwa na walezi wao wakihangaika kwa kukosa maelezo: ugonjwa ni nini, utaendaje, nifanye nini kitu fulani kikitokea. Watu walitaka kujua. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia kwa lugha inayobebeka.

Wauguzi wazoefu wa tiba shufaa hawaanzi kwa kusema. Wanaanza kwa kuuliza:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Wewe mwenyewe ugonjwa huu unauonaje?"

Halafu wananyamaza, na hicho ndicho kigumu. Akijibu "naona dawa zimegoma", mlango umefunguliwa na aliyeufungua ni yeye. Akijibu "nitapona, Mungu mkubwa", swali linalofuata ni: "Inshallah. Na ikiwa ugonjwa utatuchelewesha, ungependa tukusaidie nini kwanza?" Hapo hakuna aliyedanganya na hakuna aliyenyang'anywa imani yake. Ukweli unatolewa kwa kijiko, kadiri mgonjwa anavyoomba, kisha, kwa ruhusa yake, mjomba anaitwa na kikao kinafanyika naye akiwemo. Bila mjomba makubaliano hayadumu.

Hayadumu pia akitokea ndugu wa Dar. Mnamjua. Hajaonekana miezi minane, anashuka na basi Ijumaa, anamkuta mgonjwa amekonda, anauliza kwa sauti: "Mmemwacha hivi? Kwa nini hajapelekwa India?" Madaktari wa Amerika Kaskazini nao wanaye, mwaka 1991 walimwandika kwenye jarida la utabibu wa wazee kwa jina la binti kutoka California. Anayetaka kupambana zaidi mara nyingi ndiye aliyekosekana zaidi, na dawa yake ni kumpa kazi: yeye ndiye awe wa kumpa mgonjwa dozi ya saa 4 usiku. Baada ya usiku tatu sauti inashuka.

Wala tusiwacheke wanaotafuta muujiza. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya Watanzania, wakiwemo wasomi na vigogo, walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500, na saratani ilikuwa mojawapo ya magonjwa yaliyotajwa. Pale walipata kitu ambacho hospitali nyingi haziwapi: mtu asiyesema "hatuna la kukufanyia". Tiba shufaa ikitangazwa kwa sentensi hiyo, itashindwa na kikombe chochote.

Na si kweli kwamba hakuna la kufanya. Huko Boston, Jennifer Temel na wenzake waliwagawa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa katika makundi mawili: tiba ya kawaida peke yake, au tiba ya kawaida pamoja na tiba shufaa tangu mwanzo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Waliopata tiba shufaa mapema walikuwa na nafuu zaidi, msongo mdogo, na tiba nzito chache mwishoni. Na nusu yao waliishi zaidi ya miezi 11.6, wakati kwa wenzao ilikuwa miezi 8.9. Ni hospitali moja, saratani moja, nchi tajiri, na sababu ya tofauti hiyo ya uhai bado inajadiliwa. Ila inatosha kukanusha kwamba kukubali tiba shufaa ni kukubali kufa haraka.

Nyumbani

Huku Kusini, kama kwingi nchini, mtu anataka kuzikwa kwao. Rais mstaafu Benjamin Mkapa alipofariki Dar es Salaam Julai 2020 alirudishwa Lupaso, Masasi. Kwa familia ya kawaida, kusafirisha mwili kilomita 600 ni gharama inayoweza kumaliza msimu mzima. Mgonjwa anayesafiri akiwa hai, akikaa kwenye kiti cha basi, anailinda familia na deni hilo, na anapata wiki au miezi ya kuamua mwenyewe nani achukue shamba lipi. Wengi wakishaliona hivyo, kurudi nyumbani hakuwi tena kufukuzwa hospitali.

Kinachobaki ni kama nyumbani huko kutakuwa na chupa. Tume ya jarida la Lancet ilikokotoa mwaka 2017 kuwa kati ya tani 298.5 za mofini na dawa za jamii yake zilizogawanywa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1. Kwa yule mama wetu hesabu hiyo inaonekana hivi: chupa ina dawa ya siku kadhaa, mvua imenyesha, barabara ya kwenda kijijini ina tope, na mtoto wake amepanda bodaboda kufuata nyingine. Akiikuta, jioni mama atakunywa, atalala, na kesho ataulizia miche. Asipoikuta, usiku utakuwa kama zile wiki mbili za mwanzo. Asubuhi mjomba atakodi gari kumrudisha hospitali, na kwenye faili mtu ataandika kwamba familia haikuwa tayari kwa huduma ya nyumbani.